Usipulizie Dawa ya Ukungu Kwenye Tunda Lililounguzwa na Jua

Katika vipindi vyetu viwili vya kiangazi hapa Uganda, cha Desemba hadi Februari na cha Juni hadi Agosti, wakulima wa nyanya na pilipili hoho hurudia kosa lilelile. Mkulima huona baka jeupe kwenye tunda, huamua kwamba ni ukungu, huchanganya dawa na kupulizia, kisha hupunguza majani akiamini kwamba anaondoa ugonjwa na kupitisha hewa. Baada ya wiki moja mabaka yameongezeka, naye huongeza dawa na kukata majani mengine. Mabaka hayo ni ya jua, na majani anayoyakata ndiyo yaliyokuwa kivuli cha matunda yaliyosalia, kwa hiyo tiba yake ndiyo inayozidisha hasara.

Tunda lililokulia chini ya majani halihimili kuanikwa ghafla. Uso wake unaopigwa na jua hupata joto linaloweza kuzidi la hewa kwa nyuzi 10 au zaidi, na rangi nyekundu ya nyanya haitengenezwi vizuri joto likipita nyuzi 30, ndiyo maana sehemu hiyo hubaki ya njano au nyeupe wakati sehemu nyingine ya tunda ikiiva. Joto likizidi, ngozi hufa, hubonyea na kukauka kama karatasi. Baada ya siku kadhaa kuvu jeusi huota juu ya ngozi hiyo iliyokufa, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu mkulima aliyefika bustanini siku hiyo huona kuvu tu na hajui lilitanguliwa na nini. Dawa ya ukungu kama mankozebu hukinga ngozi iliyo hai, haifufui iliyokufa.

Kabla ya kugusa bomba la kupulizia, tazama mabaka yameelekea upande gani. Ikweta inapita Uganda, kwa hiyo mwezi Desemba jua la mchana huegemea kusini na mwezi Juni huegemea kaskazini, na joto kali la saa nane hadi saa kumi alasiri huupiga upande wa magharibi. Ikiwa mabaka yote yako upande ulio wazi kwa jua, na matunda yaliyofichwa na majani kwenye mmea huohuo ni mazima, hilo ni jua. Ugonjwa hauchagui upande. Chule ya pilipili hufanya vishimo vya mviringo vyenye pete popote kwenye tunda, mara nyingi vikiwa na rangi ya chungwa katikati. Bakajani tangulia huanzia kwenye majani ya chini yaliyozeeka, kwa madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara na ukingo wa njano. Bakajani chelewa huanza kwa mabaka meusi yenye unyevunyevu, na asubuhi yenye umande huonekana utando mweupe chini ya jani. Kwenye tunda la nyanya huacha baka gumu la kahawia.

Ukiwa bado na shaka, chukua kalamu ya wino usiofutika na uzungushie mabaka kwenye majani 10 ya mimea tofauti, ukifuata ukingo wa baka wenyewe. Rudi baada ya siku 3 kamili, si kesho yake. Baka la jua litakuwa limebaki ndani ya mstari na majani machanga yatakuwa safi. Baka la ugonjwa litakuwa limevuka mstari au limezaa mengine jirani. Usitumie jaribio hili kwenye tunda bila kulikinga kwanza na jua, kwa sababu likiendelea kuungua baka litapanuka na utapata jibu la uongo.

Hata hivyo, siku 3 ni nyingi mno ikiwa ni msimu wa mvua katika sehemu zenye baridi kama Kabale au miteremko ya Mlima Elgon, ambako bakajani chelewa linaweza kumaliza shamba la nyanya au viazi kwa siku chache. Huko, chuma jani lenye baka jioni, lilaze ndani ya mfuko wa kavera (plastiki) unaoonyesha ndani pamoja na karatasi iliyoloweshwa kidogo, ufunge mfuko na kuuweka kivulini. Ukikuta utando mweupe asubuhi, chukua hatua siku hiyohiyo na umwone afisa kilimo wa kaunti ndogo yako.

Mmea unaonyauka saa nane na kusimama tena jioni umezidiwa na joto au kiu. Ule unaobaki umelala hadi asubuhi, majani yakiwa bado ya kijani, ukate shina karibu na ardhi na utumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, ambao hauna dawa ya kupulizia. Ng'oa mmea, na usipande hapo nyanya, viazi mviringo, biringanya wala pilipili.

Ukishajua ni jua, kazi ni kurudisha kivuli. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mara moja, na jani lililo juu ya kichala cha matunda usiliguse kabisa hata kama lina madoa machache. Kwa nyanya fupi, toa vichipukizi vya chini tu na ukome kwenye kile kilicho chini ya kichala cha kwanza cha maua. Funga mimea kwenye miti mapema, kwa sababu ikianguka kwa upepo huanika matunda yake yote siku moja. Tandaza nyasi kavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Mwenye pilipili hoho na uwezo wa kununua neti ya kivuli achague ile inayokata asilimia 30 ya mwanga; nzito mno huweza kupunguza mavuno.

Miche nayo huungua kwa haraka yetu. Ipunguzie kivuli kitaluni kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kisha uihamishe baada ya saa kumi jioni au siku ya mawingu.

Nasisitiza jambo moja ambalo limesemwa mara nyingi na bado linapuuzwa: usipulizie dawa yoyote saa sita mchana. Dawa ya salfa au ya mafuta ikipulizwa joto likizidi nyuzi 32 huunguza majani, na mkulima huyohuyo hurudi akilalamika juu ya ugonjwa mpya alioutengeneza mwenyewe. Pulizia kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kwa kipimo cha lebo kilichopimwa kwa mizani, wala si kwa kijiko cha kukadiria.

Majani mapya yakitoka safi na matunda ya ndani yakiiva sawasawa, umefaulu.

Matunda yaliyokwisha kuungua hayaponi. Yasiyo na kuvu yachume, ukate sehemu iliyokufa na kuyatumia nyumbani. Lakini kama uliyapulizia, subiri kwanza siku zilizoandikwa kwenye lebo kati ya kupulizia na kuvuna, na hesabu hiyo ianze upya kila unapopulizia tena.