Ukikwama kwenye masomo ya udaktari, omba msaada kabla maji hayajazidi unga

Mwaka wa kwanza nilifeli jaribio la vitendo la anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili. Mkono wa maiti ulikuwa mbele yangu, uzi mwekundu umefungwa kwenye neva (mshipa wa fahamu) moja pale kwapani, natakiwa niitaje jina, na kengele inakaribia kulia. Nilikuwa nimekesha usiku mbili mfululizo. Nikaandika neva ya mediani, kumbe ni ya alna. Sikumwambia mtu. Nilinyamaza wiki sita, na kimya hicho kiliniumiza kuliko alama zenyewe. Sasa ni daktari, na wanafunzi wanaokuja kwangu nawaeleza hivi.

Usiende kwa mwalimu na neno "sielewi anatomia". Hana pa kukushika. Chukua karatasi, chora bila kutazama kitabu: mizizi mitano ya neva za mkono, kuanzia C5 ya shingoni hadi T1 ya juu ya kifua, mashina matatu, matawi, kamba tatu. Pale kalamu inaposimama ndipo pa kuulizia. Kisha mwandikie: "Shikamoo Mwalimu. Nimefeli jaribio la mkono. Nimechora neva mara tatu, kila mara nakwama kwenye kamba ya nyuma. Naomba dakika 15 kabla ya Ijumaa." Ujumbe kama huo hujibiwa.

Mimi nilipokwenda hatimaye, mwalimu alichukua kalamu yangu akachora herufi M juu ya ateri ya kwapa, mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo. "Mguu wa nje ni neva ya maskulokutania, wa katikati mediani, wa ndani alna. Ukifika kwapani, itafute M kwanza." Ilichukua dakika nne. Wiki sita zote nilikuwa nahitaji dakika nne!

Namna ya kusoma, muulize aliyekutangulia mwaka mmoja. Bado anakumbuka alipojikwaa. Wa kwangu ndiye aliyenifundisha kufunga daftari na kujiuliza kwa sauti, kesho yake nirudie, baada ya siku tatu tena, kisha baada ya wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, na kurudia kwa vipindi ndiko kunakokomaza kumbukumbu. Na ulale. Ubongo huimarisha uliyojifunza ukiwa usingizini, kwa hiyo kukesha ni kumwaga ulichokusanya mchana.

Ukiugua au ukifiwa karibu na mtihani, toa taarifa kwa maandishi kabla ya kuingia chumbani, ubaki na nakala. Ukisubiri matokeo yatoke, kujieleza kunakuwa kugumu.

Wodini ni jambo jingine kabisa. Asubuhi moja nilimtoa damu mama mmoja, akaniombea dua nifaulu. Mchana nilikuta kitanda chake kimetandikwa shuka jipya. Raundi ya madaktari kuwapitia wagonjwa ikaendelea. Siku ya namna hiyo, mtafute mtu kabla hujalala, mweleze ulichokiona, hata kama ni lile shuka tu. Usingizi ukipotea wiki nzima, au chakula kikikushinda, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Wengi wanaogopa kwamba jina litachafuka. Basi swali lako la kwanza liwe: nikisema hapa, nani mwingine atajua, na nini kitaandikwa? Una haki ya kujibiwa kabla hujafungua moyo. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje miadi. Mwamshe mwenzako hata usiku wa manane, akupeleke kwenye huduma ya dharura.

Na ukiona mwenzako ameacha kuja maabara, hajibu simu, taa yake inawaka usiku kucha, usimwambie ajikaze. Gonga mlango wake, mwambie, "Kesho saa nne tunakwenda wote kwa mwalimu, nitakupitia." Saa nne kasorobo uwe umeshafika mlangoni.