Jinsi ya kuzishika enzi za historia ya Wamarekani kwa kusoma fomu zao za sensa

Wengi wakitaka kusoma historia ya Marekani wanaanza na orodha ya marais, Washington, Adams, Jefferson, wakifika kwa wa kumi hivi wanachoka na kuacha, na hata ukiwamaliza wote bado hujui wananchi wenyewe waliishi vipi. Mi naona njia nzuri zaidi ni sensa. Katiba yao iliagiza watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10, wakaanza 1790 na mpaka leo hawajaruka hata mara moja, na kila fomu inakuonyesha serikali ya wakati ule ilimhesabu nani kuwa mtu kamili, nani kipande cha mtu, na nani hakuonekana kabisa. Ukilifuata hilo swali moja, enzi zinapangika zenyewe kichwani.

Unachohitaji ni daftari, bando, na akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kutafuta mababu ambayo ni bure, humo kuna skani za fomu zenyewe zilizojazwa kwa mkono na makarani. Za 1940 na 1950 zipo pia kwenye tovuti ya National Archives, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa lao, bila kulipia. Chora mstari mrefu kwenye daftari, weka juu yake miaka 5 tu: 1790, 1850, 1870, 1920 na 1950, hiyo ndo misumari ya kutundikia mambo mengine yote. Halafu kila ukifungua fomu jiulize: nani kaandikwa kwa jina, nani kahesabiwa bila jina, nani hayupo.

Kabla ya 1790 acha ukurasa mzima wazi, usiruke kama vitabu vingi vinavyoruka, kwa sababu hapo ndo kuna historia ndefu kuliko zote. Andika Cahokia, mji wa wenyeji wa asili karibu na ilipo St. Louis ya leo, karibu mwaka 1100 ulikuwa na watu kwa maelfu na vilima vikubwa vya udongo walivyojenga kwa mikono, na kile kikubwa kuliko vyote bado kipo unaweza kukipanda. Halafu andika 1607 Waingereza wanafika Jamestown, 1619 Waafrika waliochukuliwa Angola wanashushwa Virginia, 1620 Waingereza wengine wanatua Plymouth, magonjwa ya kutoka Ulaya yanawamaliza wenyeji, 1776 makoloni 13 yanatangaza uhuru, vita vinaisha 1783, katiba inaandikwa 1787.

Sasa fungua 1790. Jina ni la mkuu wa kaya peke yake, wengine wote ni namba kwenye safu: wanaume weupe huru wa miaka 16 kwenda juu (walitaka kujua nguvu kazi na wanaoweza kubeba silaha), wavulana weupe chini ya hapo, wanawake weupe huru bila kujali umri, watu wengine huru, na mwisho kabisa watumwa. Jumla ni kama milioni 3.9 na kati yao karibu laki 7 ni watumwa. Kwenye kugawa viti vya bunge watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3, kwahiyo bwana alipata nguvu zaidi bungeni kwa sababu ya watu ambao wenyewe hawakuruhusiwa kupiga kura, na wenyeji wa asili wasiolipa kodi hawakuhesabiwa kabisa. Mwaka huohuo wa 1790 sheria ikasema mgeni anayeweza kupewa uraia ni mtu huru mweupe tu. Ukizielewa hizo sentensi chache umeshaelewa ugomvi wa miaka 170 inayofuata.

Kati ya 1790 na 1850 kuna enzi ya upanuzi, jaza haraka haraka: 1803 wananunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, 1808 wanapiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje lakini biashara ya ndani inaendelea, 1830 sheria ya kuwahamisha wenyeji, na 1838 Wacherokee wanaswagwa kwenda magharibi na maelfu wanafia njiani. 1848 wanachukua ardhi kubwa ya Meksiko na dhahabu inaonekana California. Pamba ndo uti wa mgongo wa kipindi hiki, na hapa sisi tumo pia maana ile merikani, kitambaa cha pamba kilichokuwa kikiuzwa Zanzibar na kupelekwa mpaka bara, ilifumwa viwandani Massachusetts kwa pamba ya kusini iliyochumwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya kaskazini na kusini vilipoanza 1861 pamba ikakatika na merikani ikaadimika huku kwetu.

Hapo kwenye 1850 mpaka 1870 usiwe na haraka, kaa siku kadhaa ikibidi. 1850 ni mara ya kwanza kila mtu huru anaandikwa kwa jina, umri, kazi na mahali alipozaliwa, mke na watoto nao wanaonekana. Lakini watumwa walikuwa na karatasi yao tofauti. Ifungue uione. Safu ya kwanza ni jina la bwana, inayofuata idadi, halafu umri, jinsia, rangi, na kuna safu ya waliotoroka. Unakuta jina la mtu mmoja halafu chini yake mistari inashuka: 30 mwanamke mweusi, 11 mvulana, 4 msichana, 1 mvulana, hakuna jina hata moja ukurasa mzima. 1860 ni hivyohivyo, na walikuwa wamefika karibu milioni 4 kati ya watu milioni 31. Katikati hapo, 1857, mahakama kuu ilikuwa imeamua kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia.

Halafu nenda 1870, kaunti ileile. Vita vimeisha 1865 na vimeua zaidi ya watu laki 6, utumwa umefutwa mwaka huohuo, 1868 aliyezaliwa nchini ni raia, 1870 rangi haiwezi tena kumnyima mtu kura kwa mujibu wa katiba. Na sasa wale watu wana majina, jina la kwanza na la ukoo, mume, mke, watoto, kazi ya shamba, hajui kusoma, hajui kuandika. Wanaotafuta mababu zao wanachukua umri wa 1860, wanaongeza 10, halafu wanatafuta kwenye 1870 karibu na shamba la bwana yuleyule, msichana aliyekuwa na miaka 4 mwaka 1860 sasa ana 14 na anaitwa fulani. Ufanye huo mchezo wa kulinganisha hata kwa familia moja usiyoijua, utaikumbuka enzi hiyo maisha yako yote. Angalia pia ile fomu ina safu ya wanaume raia walionyimwa haki ya kupiga kura, maana marekebisho ya katiba ya 1868 yalitishia kuyapunguzia viti vya bunge majimbo yanayowanyima kura. Ahadi ya haki hizo ilikufa 1877 jeshi la serikali kuu lilipoacha kuzilinda serikali za kusini, na 1896 mahakama kuu ikabariki ubaguzi.

Sensa ya 1890 usipoteze muda kuitafuta, sehemu kubwa iliharibika kwenye moto uliotokea Washington 1921. Kipindi hicho weka tu Wachina kufungiwa mlango 1882, mauaji ya Wounded Knee Desemba 1890 ambako jeshi liliwaua wenyeji wa asili, na kufunguliwa 1892 kwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, ambako walipita watu milioni 12 hivi mpaka inafungwa 1954.

Fomu ya 1920 inaongea uhamiaji: mwaka aliofika, kama kapata uraia au bado mgeni, lugha ya mama yake, baba alizaliwa wapi. Soma mtaa mmoja wa New York uone Italia, Urusi, Ireland mlango kwa mlango. Ndo mwaka wakazi wa mijini walipozidi wa vijijini kwa mara ya kwanza, na wanawake wakapata kura kikatiba. 1924 Bunge likafunga mlango kwa viwango vya kila nchi, na mwaka huohuo ndo wenyeji wa asili wote wakatambuliwa kuwa raia, kwenye ardhi yao wenyewe. Watu weusi kama milioni 6 walihama kutoka kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970, kwahiyo ukifuata familia ya Mississippi mpaka Chicago kwenye sensa ya 1920, 1930 na 1940 unauona uhamaji huo kwa macho. Ongeza anguko la uchumi la 1929 na mageuzi ya rais Roosevelt kuanzia 1933.

1950 ndo fomu ya mwisho iliyo wazi. Ukiisoma kumbuka kwamba takwimu za sensa iliyotangulia zilisaidia kuonyesha Wajapani wanaishi maeneo gani kabla ya watu kama 120,000 kuwekwa kambini kuanzia 1942, na wengi wao walikuwa raia.

Baada ya hapo majina yanafichwa miaka 72, ya 1960 itafunguliwa Aprili 2032, kwahiyo tumia jedwali za jumla, hukumu na sheria: 1954 mahakama kuu kukataza kutenganisha shule kwa rangi, 1964 sheria ya haki za kiraia, 1965 sheria ya haki ya kura, na 1965 hiyohiyo sheria ya uhamiaji iliyofuta viwango vya 1924. Sheria ya uhamiaji ya 1990 ndo ilileta lotari ya grini kadi ambayo kila familia huku inaijua. Kuanzia 2000 mtu anaruhusiwa kujaza rangi zaidi ya moja, na 2020 walihesabiwa milioni 331. Kama unajiandaa na usaili wa uraia, majibu yasome kwenye orodha rasmi ya USCIS, idara yao ya uraia na uhamiaji, halafu kila swali la historia liandike kwenye mstari wako chini ya mwaka wake.