Kabla hujawasha treni ya modeli ya zamani, angalia haya kwanza

Ukipata seti ya zamani ya treni ndogo ya modeli ya abiria, iwe ya kampuni ya Hornby, Tri-ang ama Lionel, umeitoa mitumba soko la Kibuye, Kisumu, ama umepewa na mzee aliyeiweka kwa dari miaka yote, tafadhali usikimbilie soketi. Stima ndio kitu ya kwanza na hapa naomba usiruke. Huku kwetu Kenya ni volti 240, hezi 50 (mara ambazo stima inageuka mwelekeo na kurudi kwa sekunde), na transfoma ya Lionel ya Marekani ilitengenezewa volti 120 na hezi 60, ukiichomeka hivyo hivyo inaungua, na hata ukitumia kile kifaa cha kushusha volti bado hiyo hezi 50 inaipasha moto kuliko ilivyozoea, so usiiache imewaka ukaenda dukani. Hornby nyingi na Tri-ang zinatembea na DC (stima inayoenda upande mmoja tu, kama ya betri) ya volti 12, hizo ziko rahisi, nunua kontrola mpya (kile kiboksi cha kuongeza na kupunguza mwendo) na ile ya zamani ikae kwa shelfu ya maonyesho, juu waya za kitambo zimevalishwa raba inayokauka na kupasuka ukiikunja tu, na mahali 240 inapita kuna watoto wamekaa hapo sakafuni. Na usichanganye. Lionel ni ya reli tatu na inatumia AC (stima inayogeuka-geuka, kama ya soketi), ukiipeleka hiyo AC kwa mota ya DC, mota inatetemeka pale pale inaungua.

Ndio sasa uje kwa injini. Mafuta ya zamani huganda yakawa gundi, safisha na spiriti na kijiti cha pamba, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila mahali ekseli inazungukia, uitie na sindano, sio kumwaga, na ya kupikia hapana kabisa. Pale brashi za kaboni zinagusa mota pakae pakavu. Kama ni Tri-ang yenye mota ya X04 angalia kale kamrija kanakofunika mguu mmoja wa springi ya brashi, kakipotea ni shoti moja kwa moja. Halafu kuna chesisi (fremu ya chini ya injini) za zinki za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zingine zinavimba na kupasuka zenyewe kwa ndani, ukiona nyufa usilazimishe skrubu.

Watu wengi wanataka kuweka dijitali, yaani kuendesha injini kwa amri zinazopita kwa reli, siku hiyo hiyo. Mi naona seti ya zamani ibaki DC, lakini kama lazima, hakikisha brashi zote mbili hazigusi chesisi, la sivyo dikoda (kale kachipu ndani ya injini kanakopokea amri) inakufa mara tu ukiwasha. Pesa hiyo ningeiweka kwa mabehewa: toa magurudumu ya plastiki yanayosambaza uchafu kwa reli, weka ya chuma, na balbu za zamani zinazopasha paa hadi linapinda zibadilishwe na LED, yenye rezista (ya kupunguza stima) na daiodi nne (za kuielekeza upande mmoja) ndio taa iwake treni ikienda mbele na ikirudi nyuma. Fundi wa redio anakufanyia hiyo sodaring vizuri.

Kuna wanaotaka kuyapaka mabehewa rangi yafanane na ile treni ya Kisumu iliyorudi 2021. Paka tu, ila ujue reli yetu ni ya upana wa mita moja, kwa skeli ya 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87) inakuja karibu milimita 12, na Hornby ni 16.5, kwa hivyo haitawahi kuwa sawasawa.

Reli zenyewe, Kisumu unyevu wa ziwa unashika zile za chuma kutu haraka sana, tafuta za nikeli. Nakuru shida ni vumbi, pangusa kila kabla ya kuendesha. Kona pia pima, behewa refu kwa kona yenye nusu kipenyo cha milimita 371 linaweza kuvutana na mwenzake likaanguka, jaribu moja moja polepole kabla ya kuunga treni nzima.

Na stima ikipotea katikati chomoa kontrola hapo hapo, usingoje irudi, juu ikirudi huja na nguvu ya ajabu. Irudi kwanza, itulie, ndio uchomeke tena.