Kuku mchanganyiko kwenye nusu eka: jinsi ya kuingiza kuku wapya bila kumaliza wa zamani

Niko Moshi, upande wa Uru, nina nusu eka ya migomba na kahawa kidogo, na humo humo nafuga kuku 46 wa kila aina, kienyeji wa kawaida, kishingo, kroila na saso ambao ni chotara, na matetea wawili wa kuchi. Watu wengi wananiuliza chakula, naulizwa banda la bei gani, lakini mi nawaambia kuku mchanganyiko anakufia siku unapomleta mwenzake nyumbani. Mwaka fulani mwezi wa 11 nilinunua matetea 5 mnadani, wamechangamka kabisa, jioni ile ile nikawaingiza bandani na wengine. Siku ya 5 mmoja akaanza kusinzia, kinyesi kijani, kesho yake mwingine shingo imepinda, ni kideri hiyo, wengine wanaita mdondo. Ndani ya wiki mbili kati ya kuku 38 nikabaki na 7. Mule kulikua na mbegu ya mama yangu ambayo ameitunza tangu sijaolewa, na ile haikurudi tena. Kwa hiyo mwongozo huu naanzia pale nilipokosea.

Hatua ya 1: Jenga kibanda cha wageni kwanza

Ndio, kabla hata ya banda kubwa. Changu kipo mwisho wa shamba kule migombani karibu na masale, ile mimea ya kuweka mpaka, hatua kama 40 kutoka banda kubwa, nimekijenga kwa mabanzi na bati moja tu. Kuku yeyote anayeingia kwangu, awe wa kununua, wa zawadi, hata aliyetoka kwa dada yangu, anakaa huko siku 21. Ana chombo chake cha maji, chombo chake cha chakula, na kuna ndala za kule kule ambazo hazitoki. Asubuhi unahudumia wenyeji kwanza alafu ndo unaenda kwa wageni, usianze na wageni ukarudi kwa wenyeji manake ugonjwa unatembea kwenye miguu na mikono yako.

Siku hizo 21 una kazi ya kufanya, sio kusubiri tu. Siku ya kwanza mgeuze kuku angalia chini ya mabawa na kwenye tundu la haja kubwa kama kuna utitiri, angalia viroboto kuzunguka macho, weka dawa ya unga ya duka la mifugo. Akiwa mzima mpe chanjo ya kideri na dawa ya minyoo, ila usivipe siku moja, achanisha siku kadhaa. Sikiliza usiku wakiwa wametulia, kuku mwenye mafua utamsikia anakoroma. Alafu wiki ya mwisho chukua kuku wako mmoja wa zamani, mweke akae nao. Hii wengi hawaifanyi, lakini kuku aliyepona mafua makali anaweza kuonekana mzima kabisa na bado anabeba ugonjwa, sasa yule wako akianza kuvimba uso umejua mapema, umepoteza mmoja badala ya banda zima.

Hatua ya 2: Banda kubwa

Hapa sina mengi. Langu ni mita 3 kwa 4, kwa hesabu ya kuku 4 au 5 kwa mita moja ya mraba linatosha, usijaze zaidi. Urefu wa banda ulale mashariki na magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja, ukuta wa chini uwe mfupi, juu weka waya wa matundu madogo manake kicheche na nguchiro wanapita pembamba sana. Sisi tulio juu huku mlimani Juni na Julai ni baridi na ukungu, nashona viroba navishusha usiku kama pazia, ila juu kabisa acha nafasi hewa itoke. Sakafuni natandaza pumba za mpunga, zinapatikana kwenye mashine za kukoboa kule Chekereni, maranda ya fundi seremala pia ni mazuri. Masika ndo uwe mkali, pumba zikilowa toa siku hiyo hiyo, unyevu ndo unaleta ile kuhara damu ya vifaranga. Bembea za kulalia mpe kila kuku sentimita 20, viota kimoja kwa matetea 4 au 5.

Hatua ya 3: Kuwachanganya

Siku 21 zimeisha, wote wazima, bado usiwatupe ndani. Mi naweka kizuizi cha waya ndani ya banda, wageni upande mmoja wenyeji upande mwingine, wiki nzima wanaonana tu. Alafu nawachanganya usiku, giza limeshaingia, nawapandisha wageni kwenye bembea katikati ya wengine. Leta wageni 3 au 4 kwa mpigo, ukileta mmoja peke yake wote wanamshukia. Asubuhi amka kabla yao, ning'iniza mchicha au majani ya kabichi sehemu mbili tatu wawe na kitu cha kudonoa, na ongeza vyombo vya chakula viwe mbali mbali, kwa sababu kroila ni mkubwa na anakula kwa pupa, kienyeji mdogo anafukuzwa anabaki na njaa na wewe unaona chombo kimeisha unadhani wote wameshiba. Kusukumana siku mbili tatu ni kawaida yao. Damu sio kawaida, ukiona damu mtoe aliyejeruhiwa mara moja, kuku wakishaona kidonda wanakidonoa mpaka wanamuua. Vijana chini ya miezi mitatu usiwachanganye na wakubwa hata kidogo. Na majogoo, mmoja kwa matetea 8 mpaka 10, kama una jogoo wa kuchi mtenge, yule amezaliwa kupigana.

Hatua ya 4: Chanjo

Kideri nachanja Januari, Aprili, Julai na Oktoba, sikosi. Natumia ile ya matone ya I-2 inayotengenezwa hapa hapa Tanzania, Kibaha, tone moja kwenye jicho la kila kuku, subiri apepese macho ndo umwachie. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine lakini hiyo sio ruhusa ya kuiacha juani, beba kwenye chupa ya chai yenye barafu, chanja jioni wakiwa wamerudi bandani. Ongea na majirani mchanje siku moja, kuku wa huku wanavuka mipaka ya vihamba, yani mashamba yetu ya nyumbani, kila siku, ukichanja peke yako umefanya nusu ya kazi. Vifaranga wana ratiba yao, kideri siku ya 7 na ya 21, gumboro siku ya 14 na ya 28, na ndui wakikaribia miezi miwili.

Hatua ya 5: Chakula cha kundi la umri tofauti

Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, mtetea anayetaga anaihitaji, lakini ukimpa kijana ambaye hajaanza kutaga au jogoo kwa muda mrefu figo zinaumia. Kwa hiyo wote wanakula chakula cha kukuzia, na chokaa ya kuku naiweka chombo cha pembeni, anayetaga anajipelekea mwenyewe. Kwa kuwa wanashinda nje wakichakura migombani nawapa kama gramu 60 kila mmoja, nusu asubuhi nusu jioni. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kama unaona ni hasara kutupa, sumu yake inaua ini.

Hatua ya 6: Kuongeza kundi kutoka ndani

Kadri unavyototolesha nyumbani ndivyo unavyopunguza wageni. Kroila na saso wanataga vizuri ila kuatamia hawana habari nako, hiyo kazi ni ya kienyeji. Tafuta matetea watatu waanze siku moja, mayai 10 mpaka 12 kila mmoja, siku ya 7 mulika kwa tochi toa yasiyo na kitu, siku ya 21 wanatoka, usiku ule unaweza kuwapa vifaranga wote mama mmoja au wawili na wa tatu anarudi kutaga. Ila mayai ya kroila yakitotolewa watoto hawawi kama wazazi, usiwategemee sana.

Mi naatamisha Mei mwishoni, Desemba Wachaga wakirudi nyumbani majogoo yameshakomaa na bei imepanda. Nauza majogoo karibu yote, matetea wazuri wanabaki, na jogoo wa mbegu nambadilisha kila mwaka ili asipande watoto wake. Yule mpya namtafuta mbali, huwa naenda hadi Tengeru kule Arusha, na akifika anaanzia kule kwenye masale, siku 21, na ndala zake.