Kuunganisha terminali za 3270 kwenye z/OS

Terminali ya 3270 yenyewe, ile skrini na kibodi ya kompyuta kubwa (mainframe) IBM iliyoitoa 1971, siku hizi ni nadra kuiona. Tunafungua programu kwenye laptopu, na seva ya Telnet ndani ya z/OS (mfumo endeshi wa mainframe za IBM) inajifanya terminali mbele ya VTAM, programu inayosimamia sesheni kati ya terminali na programu nyingine. Kila terminali ni LU (logical unit, yaani ncha ya sesheni) yenye jina lisilozidi herufi 8. Jina hilo linaandikwa mahali pawili, na wengi hukwama pale yasipolingana.

1. Tangaza LU kwa VTAM. Unda memba TCPNODI kwenye VTAMLST, maktaba ya mipangilio ya VTAM:

TCPNODI VBUILD TYPE=APPL
TCP* APPL AUTH=NVPACE,EAS=1,PARSESS=NO,SESSLIM=YES

Jina lianze safu ya 1. Kinyota kinakuepusha kuandika mistari 50, mmoja kwa kila LU. EAS=1 (makadirio ya sesheni za LU kwa wakati mmoja) usiiache: LU ya Telnet hubeba sesheni moja tu, ilhali bila kuandika kitu VTAM inachukua 509 na kula kumbukumbu bure.

2. Iwashe, kisha ikague:

V NET,ACT,ID=TCPNODI
D NET,ID=TCPNODI,E

Ukiona CONCT (iko tayari kuunganishwa), endelea. Ongeza TCPNODI kwenye ATCCON00 pia (orodha ya vitu VTAM inavyowasha inapoanza), la sivyo baada ya IPL, yaani kuwasha mfumo upya, utaanza upya.

3. Hariri profaili ya Telnet:

TELNETPARMS
  PORT 23
ENDTELNETPARMS
BEGINVTAM
  PORT 23
  DEFAULTLUS
    TCP00001..TCP00050
  ENDDEFAULTLUS
  DEFAULTAPPL TSO
  ALLOWAPPL TSO*
ENDVTAM

TSO ni mazingira ya z/OS ambamo watumiaji huingia na kufanya kazi, na kinyota cha TSO* si pambo. Ukiomba kuingia, TSO inakukabidhi kwa TSO0001 au mwenzake. Ukiruhusu TSO pekee, makabidhiano hayo yanakataliwa na skrini inakatika kabla hujaandika nenosiri. Anayeona hivyo hukimbilia kulaumu mtandao.

4. Ipakie kwa V TCPIP,TN3270,OBEYFILE,DSN= ukimalizia na jina la faili lako (TN3270 hapa ni jina la prosija ya Telnet; yenu huenda inaitwa vingine). Walioingia tayari wanabaki na profaili ya zamani, kwa hiyo fanya jaribio kwa muunganisho mpya.

5. Jaribu kutoka Linux kwa c3270 (programu inayoiga terminali ya 3270), ukitaja anwani ya mashine na poti 23. Kisha kwenye konsoli:

D TCPIP,TN3270,T,CONN

Utaona IP ya laptopu yako, LU iliyopewa na programu iliyofunguliwa. Orodha ikiwa tupu, rudi hatua ya 1 na ulinganishe majina na yale ya hatua ya 3, herufi kwa herufi. Sifuri moja ikipungua, hesabu inaharibika.

Poti 23 ni ya majaribio tu, maana nenosiri linapita wazi kwenye waya. Kabla ya kuwaita watumiaji, hamia TTLSPORT 992 pamoja na sera ya AT-TLS (usimbaji wa TLS unaofanywa na TCP/IP ya z/OS), halafu uifunge 23.