Kukagua Jaguar XJ8 (X308) kabla ya kutoa hela

Jaguar XJ8 ya kizazi cha X308, iliyoundwa Browns Lane, Coventry, kuanzia 1997 hadi 2002, hudanganya macho. Ngozi ya viti bado laini, mbao za walnut kwenye dashibodi hazina mkwaruzo, maili ni chache, na mnunuzi anakuwa ameshalipa moyoni kabla boneti haijafunguliwa. Maili chache hazithibitishi kitu. Gari hili huuliwa na plastiki iliyozeeka ndani ya injini na kutu iliyojificha chini, na vyote viwili huendelea hata gari likiwa limelala gereji. Hatua hizi ni za anayenunua Uingereza, kwa muuzaji binafsi.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka nyumbani. Chukua namba ya usajili, ingia gov.uk usome historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, ni bure. Kutu ikitajwa mwaka baada ya mwaka kisha ikatoweka ghafla, uliza risiti ya kuchomelea. Beba tochi, bisibisi butu na sumaku ndogo. Mwambie muuzaji asiwashe gari hadi ufike.

Hatua ya 2: Kuwasha injini ikiwa baridi. Hapa usiharakishe. Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine.

V8 hii (injini ya silinda nane) ina cheni za taiming, na kila upande wa injini una cheni fupi inayounganisha kamshafti mbili, yaani vyuma vinavyofungua valvu. Cheni hiyo hukazwa na tenshena. Tenshena za awali zina bodi ya plastiki, na plastiki hiyo hupasuka kwa joto na umri. Ikipasuka, cheni inalegea, inaruka meno, valvu zinagonga pistoni, na gharama ya injini inapita bei ya gari zima. Washa, sikiliza sekunde za mwanzo: mlio mkavu wa kukwaruza mbele ya injini, unaokoma mafuta yakishapanda, ni sababu tosha ya kuondoka.

Lakini kimya si ushahidi. Tenshena yenye ufa inaweza kukaa kimya hadi siku ya kuvunjika. Kinachokubalika ni risiti inayosema wazi kwamba tenshena za cheni hizo fupi, za pande zote mbili, zimebadilishwa kuwa za chuma. Risiti iliyoandikwa "sevisi kubwa" tu haitoshi. Kama hakuna, omba fundi afungue kifuniko cha valvu: anatoa koili nne, anafungua bolti za kifuniko, na tenshena iko pale mbele, katikati ya meno ya kamshafti mbili. Plastiki huonekana mara moja, iwe nyeupe au ya kahawia. Afungue pande zote mbili, maana wapo waliobadilisha upande mmoja tu. Wakati wa kurudisha, gasketi za kifuniko na za visima vya plagi ziwe mpya, la sivyo mafuta yatajaa kwenye plagi na gari litaanza kupiga misi.

Muuzaji akikataa, hesabu kwamba zote ni za plastiki na upunguze bei kwa kazi hiyo. Na ukishanunua, mpe fundi mwenye kifaa cha kufungia kamshafti. Wengi hufunga cheni kwa vifungo vya plastiki vya kubana (zip ties); mimi siikubali njia hiyo kwenye injini ambayo jino moja likiruka huharibu valvu.

Jambo jingine: injini hizi hazipendi kuwashwa baridi, kusogezwa mita mbili na kuzimwa. Petroli huosha mafuta kwenye kuta za silinda, kompresheni inashuka, na mara nyingine starta huzunguka kwa wepesi bila injini kuwaka. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini huku ukipiga starta. Petroli hukatwa na silinda hukauka. Usipime kompresheni siku hiyo, utahukumu injini nzima bure.

Hatua ya 3: Namba ya injini. Ni tarakimu kumi: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika. Injini zilizotangulia 0008181043, yaani tarehe 18 Agosti 2000 saa 10:43, zina silinda zilizopakwa Nikasil, upako mgumu wenye nikeli, ambayo iliharibiwa na petroli yenye salfa nyingi. Zilizofuata zina laina za chuma ndani ya silinda. Usikimbie Nikasil kwa jina tu: salfa kwenye petroli ya Ulaya imebanwa kwa sheria tangu 2000, na iliyofika leo ikiwaka vizuri na kuvuta vizuri imeshapita hatari kubwa.

Hatua ya 4: Kutu. Matao ya magurudumu ya nyuma, vizingiti, sehemu za kuwekea jeki, pembe za chini za kioo cha mbele. Sumaku isiposhika, kuna puti. Gonga kwa bisibisi, usichome gari la mtu. Inua zulia la buti. Maji huko hula sakafu.

Hatua ya 5: Maji ya kupozea injini. Nyumba ya thermostati ni ya plastiki. Ufa au madoa yaliyokauka: badilisha kabla ya safari yoyote.

Hatua ya 6: Barabarani. Simama, kanyaga breki, toka R kwenda D na kurudi. Gia ichelewe au igonge, kataa. XJ8 isiyo na supachaja (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) ina giaboksi ya ZF 5HP24, iliyouzwa kama isiyohitaji kubadilishwa mafuta. Usiamini, tafuta risiti ya mafuta ya giaboksi. Taa za onyo, ikiwemo ya breki za ABS, zikiwaka zote kwa pamoja, pima kwanza betri, iliyo ndani ya buti. Ikichoka huleta makosa ya uongo.

Hatua ya 7: Karatasi. V5C, hati ya usajili wa gari, inaonyesha mtunzaji aliyesajiliwa, haithibitishi umiliki. Dai risiti ya mauzo na ukague kama gari lina mkopo. Linganisha V5C na namba ya injini uliyoisoma. Kodi ya barabara haihami na gari. Angalia pia tarehe ya usajili: lililosajiliwa kabla ya tarehe 1 Machi 2001 hulipiwa kwa ukubwa wa injini, la baadaye kwa kiwango cha hewa ya CO2, na kiasi cha kodi kwa mwaka hutofautiana. Kama unaishi London, ingiza namba kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, kwanza. Lisipokidhi ULEZ, kanuni ya hewa safi ya jiji hilo, kila siku ya kuendesha ni pauni 12.50.