Hali fiche haikufichi kwa kampuni ya intaneti

Wengi hufungua hali fiche (Incognito) kwenye Chrome wakiamini wamejificha. Hapana. Kazi yake ni kutohifadhi historia ya tovuti kwenye simu yako, basi. Kampuni inayokuuzia bando bado inaona majina ya tovuti unazofungua, kwa sababu kwa kawaida simu huiuliza anwani ya kila tovuti waziwazi.

Kama una Android 9 au ya baadaye, fungua Mipangilio, tafuta neno DNS (huduma inayojibu maswali ya anwani za tovuti), ingia kwenye DNS ya Faragha, andika dns.quad9.net, yaani huduma ya Quad9 itakayoulizwa badala ya kampuni yako, kisha hifadhi. Kuanzia hapo maswali hayo ya anwani yanasafiri yakiwa yamefumbwa, kampuni isiweze kuyasoma. Ni bure kabisa, fanya leo. Ila jina la tovuti bado linaweza kuvuja wakati wa kuunganishwa, kwa hiyo kwa jambo nyeti kweli tumia Tor Browser, kivinjari kinachoificha kampuni tovuti unazofungua.

Tor inasaidia pia dhidi ya tovuti zinazosoma ukubwa wa kioo chako, fonti, lugha na majira ya saa, zikakutambua hata ukifuta vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye simu ili zikukumbuke). Yenyewe huwafanya watumiaji wake wafanane. Usiongeze viendelezi (programu ndogo za nyongeza) humo, hata cha kuzuia matangazo, maana kitakutofautisha na wenzako.